Jamani, Linapumua!

Nina masizi puani, mwenzangu. Nimeoga mara mbili, nimejisugua, nimepenga, na bado! Nikiinamisha kichwa hivi, harufu inanijia kutoka kwenye nywele, nzito, tamu, ya makaa ya mawe na grisi na chuma kilicholowa, na wala sitaki itoke. Jana, jana hii hii, nimepanda garimoshi. Usiniambie na wewe umepanda. Nasema garimoshi lenye moshi wake, lenye moto tumboni, linalokunywa maji na kula makaa na kupiga kelele kama lina ugomvi na mlima. Na nimelishika! Kwa kiganja hiki! Nitafika hapo, ngoja, nisije nikakuchanganya.

Niko Uskoti, kwa kaka yangu anayeishi Glasgow. Safari yenyewe inaitwa The Jacobite. Inaanzia mji wa Fort William, chini kabisa ya Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote ya Uingereza, inakwenda hadi Mallaig, kijibandari cha wavuvi kinachotazamana na kisiwa cha Skye, na inarudi siku hiyohiyo. Kilomita 135 hivi kwenda na kurudi, na kila upande unachukua kama saa mbili. Kaka alicheka hadi akakaa chini. "Dada, umetoka nchi yenye treni ya umeme, Dar hadi Dodoma mtu anateleza tu, halafu unakuja huku kulipia moshi?"

Acheke. Mimi ni mtoto wa Kigoma. Reli ya Kati, ile waliyoifikisha Wajerumani pale kwetu ziwani mwaka 1914, ndiyo iliyonikuza. Nimelala kwenye mabehewa yake, nimenunua maembe dirishani, nimeshuka Dar miguu imevimba kama maandazi. Maisha yangu yote nimesema garimoshi, kwenye insha za shule nimeandika garimoshi, na kumbe nilikuwa nataja jina la mtu nisiyemjua! Ule moshi wa dizeli usinihesabie.

Tiketi tulikata miezi mitatu kabla, maana zinagombaniwa, na hiyo miezi mitatu, wee! Nilikuwa naichungulia kalenda kama mwanafunzi wa bweni anayengoja shule ifungwe. Usiku wa kuamkia safari tulilala Fort William, mimi na mtoto wa kaka, ana miaka minane. Saa nane usiku ananigusa bega: "Shangazi, kumekucha?" Nikamwambia bado, lala. Saa tisa mimi ndiye niliyemnong'oneza: "Umelala?" Hajalala! Tukakaa kitandani tunasikiliza mvua, wawili sisi, kama tunangoja mwezi wa Idi uandame.

Kwake yeye hii ni treni ya Harry Potter, basi, hakuna maelezo mengine. Sikutaka kumharibia kwa kumwambia kwamba kile kichwa chekundu cha kwenye filamu, Olton Hall, ni kingine na hakitoki Fort William. Nilimwacha na furaha yake. Na alipokiona hiki cheusi, alimsahau hata huyo Harry mwenyewe.

Tulifika stesheni nikidhani ndio wa kwanza. Thubutu! Jukwaa limeshajaa. Wazee wenye makoti ya mvua na chupa za chai, akina mama wenye madaftari, vijana na kamera zao zenye mdomo kama bakuli, mtoto mchanga mgongoni amevalishwa kofia ya dereva wa treni. Hakuna aliyekaa. Mtu anasimama, anakwenda hadi mwisho wa jukwaa, anachungulia, anarudi, anakwenda tena. Ni mbele ya nyumba ya harusi kabisa, pale magari yamechelewa na kila mmoja anajifanya hana wasiwasi. Wanajuana wasiojuana. Mzee mmoja alinieleza, bila mimi kumuuliza, kwamba amepanda safari hii zaidi ya mara kumi, na jana yake usiku hakulala. Mara kumi! Na bado!

Ghafla yule mzee akainua kidole. Kimya. Mimi nilikuwa sijasikia kitu. Halafu nikasikia, mbali, kitu kama mtu mnene anayepanda ngazi.

Na unajua kinavyoingia? Kinyumenyume! Stesheni ya Fort William ni mwisho wa njia, kwa hiyo mabehewa ndiyo yanayotangulia kuingia, yanapita mbele yako moja baada ya jingine, rangi ya damu ya mzee, taratibu, taratibu, yanakutania, unanyoosha shingo, na mwenye shughuli yuko nyuma kabisa, anakuja wa mwisho kama bibi harusi anayejua kwamba bila yeye hakianzi kitu. Kisha wingu. Wingu jeupe la mvuke likafunika jukwaa zima, la vuguvugu, limetulowesha nyusi, hatuonani, mtoto ananikaba mkono, na wingu likapasuka, na ndani yake, cheusi tii, kirefu, kinang'aa, kinadondosha maji, kinachuruzika, kinafoka, kichwa chenyewe! Nililia. Siwezi kukuficha. Machozi kabisa.

Ni aina wanayoiita Black Five. Zilitengenezwa 842 kati ya mwaka 1934 na 1951, punda wa kazi, za kuvuta chochote kokote, siyo za kubebea wafalme. Chetu jana kilikuwa nambari 44871, na hapa sikiliza, maana hii ilinimaliza. Mwezi Agosti 1968 shirika la reli la Uingereza lilipouaga mvuke, lilipanga safari moja ya mwisho ya kuagana, watu wakajipanga kando ya reli kama kwenye mazishi, na hiki, hikihiki, kilikuwa kimojawapo cha vichwa vilivyoivuta. Kilivuta maziko yake chenyewe! Na jana asubuhi kimesimama mbele yangu kinachemka kama sufuria ya maharage.

Nikadhani kitakuwa na mngurumo, kama lori. Wala! Kikisimama hakingurumi. Kinatoa vijisauti. Tik, tik, chuma kinapanuka. Ssss chini ya magurudumu. Tone, tone, tone. Halafu kimya kidogo, halafu kinashusha pumzi ndefu, yaani pumzi ya mtu mzima aliyekaa baada ya kutua mzigo, mpaka nikageuka kuangalia ni nani. Kijana anayelisha moto alifungua mlango wa tanuri, na jamani ile rangi! Siyo nyekundu, siyo njano, ni nyeupe inayoelekea kuwa ya chungwa, na joto lake likaruka likatupiga usoni hadi pale chini tuliposimama, kwenye ile baridi ya Uskoti. Akachota beleshi, akatupa, akachota, akatupa, hamwagi hata punje. Akamwambia mtoto kitu ambacho sijaacha kukifikiria: ule mvuke uliokwisha kusukuma pistoni hautupwi hivihivi, unatolewa kupitia kwenye bomba la moshi, na ukitoka unavuta hewa kupita kwenye moto. Kwa hiyo kadiri kichwa kinavyotaabika ndivyo moto wake unavyowaka zaidi. Kikipanda mlima, kinajipulizia chenyewe! Mimi nikipanda mlima nakata pumzi. Hiki ndipo kinapoipata.

Tukapanda. Mabehewa ya kizamani, viti vya kitambaa vinavyokumeza, meza katikati, na juu ya kioo vidirisha vidogo vya kusukuma. Vikumbuke hivyo vidirisha. Honi ikalia. Huisikii kwa masikio, inaingia kwa tumbo. Na mvuto wa kwanza, mwenzangu! Treni ya umeme inaondoka hujui, unashtukia nguzo zinatembea. Hii inakuvuta, inaacha, inakuvuta, inaacha, chai yako inainama upande mmoja kwenye kikombe, na huko mbele, hohh... hohh... hohh... hohh... Yule mzee alikuwa ameketi ng'ambo ya meza yetu, akatuonyesha kwa vidole: mapigo manne kwa kila mzunguko wa magurudumu. Mtoto akaanza kuhesabu. Alihesabu hadi Mallaig.

Banavie tulipita haraka, kuna ngazi ya maji ya milango 8 ya kupandishia mashua, nzuri, sawa, sikuiangalia sana, nilikuwa nanusa. Halafu ziwa refu kushoto, moshi wetu unaburuzika juu ya maji kama kanga iliyomponyoka mtu, na kila mtu ndani ya behewa anaanza kukosa utulivu. Simu zinatoka. Mikoba inafunguliwa. Glenfinnan inakuja.

Daraja la Glenfinnan hata kama hujui jina umeliona: lile refu lenye matao 21, limepinda kama mundu, mita 30 juu ya bonde. Benki moja ya huku imelichora kwenye noti yake ya pauni 10. Limejengwa kwa zege tupu, bila nondo hata moja ndani, na mkandarasi wake, Robert McAlpine, alipenda zege mpaka watu wakamwita Bob wa Zege. Kaa kushoto wakati wa kwenda, nasisitiza, kushoto! Maana ukifika pale treni inajikunja, na kwa mara ya kwanza tangu uondoke unaiona treni uliyomo, unakiona kichwa chako kule mbele kinatupa moshi, na chini kabisa Ziwa Shiel, na mnara wa kumbukumbu ya mwaka 1745, pale Charles Stuart alipotweka bendera kudai kiti cha babu yake. Wafuasi wa ukoo huo ndio walioitwa Jacobite, ndiko jina la treni lilikotoka. Na mlimani, mamia ya watu! Wamepanda tangu asubuhi, mvuani, kutungojea. Wanatupungia! Tumekuwa maonyesho sisi!

Sasa nikwambie ukweli ambao hawatakwambia wengine. Daraja ni zuri mno, ndiyo. Lakini watu wote mle ndani walilitazama kupitia simu, kisha walipolipita wakakaa, wakafungua mikate, wakaanza kuzungumza habari za kazini. Kwao ilikwisha. Kumbe ndiyo kwanza!

Tulisimama kidogo stesheni ya Glenfinnan, watu wakashuka kunyoosha miguu, usubi wakatushambulia, wale wadudu wadogo kama unga wanaouma kama pilipili, tukarudi ndani mbio. Na kuanzia hapo, oh, kuanzia hapo reli inapotea njia ya watu wenye akili. Inapita kwenye mawe, inakata mwamba, inachungulia ziwa, inakimbia, inarudi kwenye maji, vilima vyote vimevaa zambarau ya maua ya porini, kijani na kahawia na rangi ya kutu, na mvua inakuja na kuondoka kama mtu aliyesahau funguo. Kuna daraja dogo hapa, Loch nan Uamh, hakuna hata mmoja aliyelipiga picha. Ndani ya nguzo yake ya katikati yumo farasi! Wakati wa ujenzi alitumbukia pamoja na mkokoteni, zege likaendelea kumwagwa. Miaka mingi hadithi ilisema yumo Glenfinnan, wakachungulia kule, hayupo. Mwaka 2001 wakaimulika nguzo hii kwa rada, na wakamwona humo, yeye na mkokoteni wake. Mtoto alinyamaza kuhesabu kwa heshima ya farasi, mapigo mawili, akaendelea.

Halafu kilima cha Beasdale.

Sijui nikueleze vipi. Njia inainuka ghafla, inapindapinda, reli imelowa, na mwendo unashuka, unashuka, hadi nikaona tutarudi nyuma. Zile hohh zinaachana. Zinakuwa nzito. Kila moja inatikisa kioo, inatikisa meza, inatikisa mbavu, siyo sauti tena, ni kipigo, kama mtu anatwanga kinu kikubwa cha chuma chini ya kiti chako, anatwanga kwa hasira, anatwanga kwa raha, na behewa zima limenyamaza, hata wale wa mikate. Yule mzee amefumba macho. Mkono wake uko mezani, unagonga pamoja nacho, taratibu, hohh, hohh, midomo inamchezacheza, na nikajua anakisemesha, "haya, haya mzee, haya", kwa lugha yake. Mimi nilikuwa nakisemesha kwa Kiswahili! Kwa sauti! "Twende baba, twende!" Hakuna aliyenishangaa.

Na katikati ya hapo, handaki. Njia hii ina mahandaki 11, lakini hili lilikuja tukiwa tunapanda, kichwa kinavuta kwa nguvu zake zote. Giza, pap! Sauti ikaturudia kutoka kwenye mawe, mara tano, mara kumi, na cheche, jamani, cheche nyekundu zinapita nje ya kioo kama vimulimuli vilivyolewa. Sasa vile vidirisha. Kimoja kilikuwa wazi, juu ya kichwa changu. Moshi uliingia wote, wa moto, wenye chumvi, wenye uchungu, tukakohoa, tukacheka, tukakohoa, na tulipotoka kwenye mwanga mtoto akanitazama, akaziba mdomo. Kilemba changu cheupe, kile cha harusi ya binamu, nilichokivaa kwa ajili ya picha, kilikuwa na madoadoa kama chui. Uso nao! Nikakaa hivyohivyo. Ningekuwa kichaa kujifuta.

Huu ndio utamu wenyewe. Daraja utaliona hata kwenye noti. Beasdale lazima uende.

Arisaig, stesheni ya magharibi kuliko zote katika bara la Uingereza, kisha mchanga mweupe wa Morar, mweupe wa Nungwi kabisa, isipokuwa ukitia mguu majini unaupoteza kwa baridi, kisha Mallaig, na reli inakwisha. Inakwisha tu. Mbele ni maji. Hapo moyo ulinidunda, kwa sababu naijua stesheni ya namna hiyo: Kigoma pia reli inafika kwenye maji inasimama, na ni zamu ya meli. Sisi tuna Liemba, ambayo yenyewe ilitoka Ujerumani vipandevipande, ikafikishwa kwetu kwa reli. Wao wana kivuko cha kwenda Skye. Njia hii ya Mallaig ilifunguliwa mwaka 1901, mwaka uleule reli iliyotoka Mombasa ilipoligusa Ziwa Viktoria pale Kisumu. Wakati ule dunia nzima ilikuwa inapigwa mataruma.

Na pale Mallaig wanakausha samaki kwa moshi! Unashuka kwenye moshi unakula moshi. Samaki wembamba, wa dhahabu, wamepasuliwa mgongoni, wana mafuta yanayochuruzika hadi kwenye kiwiko. Nilikula wawili nikiwa nimesimama bandarini, ndege wa baharini wananizengea, nikawaza migebuka ya kwetu. Sitasema nani zaidi. Nitarudi nyumbani, nina ndugu kule.

Kwenye kurudi kichwa hakina pa kugeuzia, basi kinazungushwa kwenye njia ya pembeni na kuvuta kinyumenyume, gari lake la makaa limetangulia. Kaka alipoambiwa hilo kwa simu alicheka tena. Sisi tulilala. Mtoto aliegemea begani kwangu, mdomo wazi, masizi shavuni, na hata usingizini kidole chake kilikuwa kinagonga.

Fort William watu walishuka, wakatawanyika. Sisi tulikwenda mbele hadi kwa kichwa. Dereva ameegemea dirisha lake, uso mweusi, macho meupe, amechoka vizuri. Nikamwonyesha mkono wangu, nikaashiria kile chuma. Akatikisa kichwa, ndiyo, akanionyesha mahali, pale pasipounguza. Nikaweka kiganja. Nilitegemea joto, na joto lilikuwepo, joto la ng'ombe, la mnyama mkubwa aliyetoka kulima. Lakini chini ya joto kulikuwa na kitu kingine, kidogo, cha polepole, kinakuja na kuondoka. "Shangazi," mtoto akasema, kiganja chake karibu na changu, amenong'ona kama yuko msikitini, "linapumua."

Linapumua! Basi usikae hapo. Linatembea kuanzia majira ya machipuko hadi vuli, kisha baridi inalifungia ndani. Ukiwa na ndugu Uingereza, mpigie leo. Ukiwa huna, anza kuweka akiba. Kata tiketi mapema sana, omba kiti cha kushoto, kaa karibu na kichwa uwezavyo, kidirisha kiache wazi, na tafadhali, kilemba cheupe kiache nyumbani. Changu nimekiloweka tangu jana usiku, na bado!